Moto Mmoja wa Kupikia Mbege

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku nilipomwona mama mkwe wangu akienda kuomba msamaha kwa mtu aliyemkosea yeye.

Nilikuwa mkamwana mgeni hapa Kilema, hata mwaka sijamaliza. Jirani yetu, mjane tuliyemwita Mama Aloisi, alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuuza sokoni ili alishe watoto. Wewe mbege unaiona kwenye kata tu, kuni zake huzijui. Ndizi zile huchemshwa kutwa nzima, na moto ukizimika katikati, kazi imeharibika. Basi asubuhi hiyo tukakuta amekata mringaringa mkubwa uliosimama pale mfongo wetu unapoanzia. Mfongo huo ndio mfereji uliokuwa unanywesha migomba na kahawa zetu zote. Mizizi ya mti ikifa, kingo zinabomoka, na kiangazi maji hayafiki huku chini.

Wanawake waliwaka. "Huyu asipate zamu ya maji tena," akasema mmoja.

"Anyweshe migomba yake kwa mbege," akadakia mwingine, tukacheka.

Lakini hayakuwa maneno ya kucheka. Bila maji kihamba chake, shamba lake la migomba, kingekauka, na wale watoto wangekula nini?

Mama mkwe hakucheka. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Sisi Wachagga, aliyekosa ndiye hulibeba jani hilo, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nikamwambia, "Mama, mkosaji ni yeye. Yeye ndiye alilete."

"Nyamaza, utembee. Kila siku unapita kwenye moshi wake. Uliwahi kumpelekea hata ukuni mmoja?"

Nikatembea.

Tulimkuta Mama Aloisi mlangoni, uso ameukaza, tayari kwa ugomvi. Mama mkwe akamnyooshea jani. "Wapika mbege hapa tuko wengi, kila mmoja na moto wake, na wewe tulikuacha uhangaike peke yako. Utusamehe."

"Mti nimekata mimi. Sasa hili nalipokeaje?"

"Lipokee tu. Ya mti tutaongea tukishakaa."

Alilipokea kwa mikono miwili, akakaa palepale chini, akalia.

Walipoongea, wakapatana. Siku ya kupika, wote wachemshie uani kwetu, vyungu vibanane kwenye moto mmoja, na kila mtu aje na kuni zake kidogo. Hata mimi niliyejiona najua kuni, nilishangaa jinsi zilivyobaki. Mama Aloisi naye akapanda miche ya mringaringa pale kwenye chanzo, akaimwagilia mwenyewe mpaka ikashika. Zamu yake ya maji haikuguswa.

Sasa nije kwenu. Mmeunda kikundi cha kulinda msitu, mnajenga majiko banifu, mna gesi ya kinyesi cha ng'ombe, mnahimizana kuzima taa zisizo na kazi. Vizuri, na mnajua mimi sisifii ovyo. Lakini nasikia mnataka kumfukuza mwenzenu wa kule bondeni kwa sababu amekamatwa akichoma mkaa. Nani kati yenu amekwenda kuona anapikia nini? Gesi yenu ni ya wenye ng'ombe. Yule hana hata mbuzi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukitaka msitu ubaki, usianze na panga la jirani, anza na jiko lake. Mnaweza kuhesabu miti mchana kutwa, lakini mwenye njaa ataingia msituni mkiwa mmelala. Nendeni mkamjengee jiko. Mpeni kazi kwenye mtambo wenu wa gesi, naye bomba limfikie. Kosa lake mwambieni, msilifiche, ila mwambieni mkiwa mmekaa kwake. Akikataa, rudini kwangu tuseme mengine.

Mungu awatangulie, wanangu. Migomba yenu izae, maji yasiwapungukie, na jioni asiwepo mtu wa kwenu anayelala bila kupika.