Chini ya Sakafu ya Bafu

Nyumba ya wageni aliyofanyia kazi dada yangu kule Muyinga ilipobomolewa ijengwe upya, alituletea Gitega beseni la chuma la kuogea, lile la mtu kujilaza. Alilileta kwa ajili ya mama. Tangu turudi Burundi kutoka ukimbizini Tanzania magoti yalimsumbua, akawa anaoga ameketi kwenye kigoda na kujimwagia maji kwa kopo. Majirani wa mtaa wetu wa Nyamugari walilishusha kutoka kwenye lori wakihema. Mama akalizunguka, akilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

Mume wangu, Mkongo wa Kivu ya Kusini anayeuza vitenge, alitaka liingie bafuni siku ileile. Mimi nikasita. Nyumba tuliinunua ikiwa imeshajengwa, na sakafu ya saruji ilikuwa na ufa karibu na tundu la maji. Ukiikanyaga kwa kisigino ililia kama debe tupu.

"Beseni lenyewe limewatoa wanaume jasho," nikamwambia. "Likijaa maji na mama yumo ndani, itakuwaje?"

"Mama watoto, we unaogopa bure. Siku yote tunatembeaka humu, ilishafanya nini? Hii chini iko nguvu."

"Basi tuijaribu kwanza kwa maji."

Akacheka, lakini akakubali. Tukajaza maji mabidoni, yale madumu ya plastiki, tukawa tunayasukuma kutoka mlangoni kwa mpini wa jembe mpaka pale beseni litakapokaa, ili mtu asisimame katikati. Sakafu ilitulia. Nikaanza kuona haya kwa woga wangu. Kisha mume wangu akasukuma bidoni jingine, na ufa ukafunguka.

Mabidoni yaliinama yote pamoja, halafu hayakuwapo. Kishindo kilikuja baadaye, kutoka chini sana, kikafuatwa na harufu. Mume wangu alikuwa amenikamata nguo mgongoni, akanivuta nje ya mlango.

Tulimulika kwa tochi. Lilikuwa shimo la choo cha zamani. Mtu alilifunika kwa magogo ya mikaratusi, akamwaga juu saruji nyembamba kama chapati, akapaita bafu. Magogo yenyewe yalikuwa yameoza, yakimeguka kama mkate uliolowa.

Mama akaja akijikongoja. "Kigoda changu kiko wapi?"

Alichungulia, akakiona kinaelea kule chini.

"Nimeoga hapo asubuhi," alisema. Akarudi uani, akaketi chini kwenye udongo, akawa anarudia kwa Kirundi "Mana yanje", Mungu wangu.

Jirani mmoja alitazama shimo bila kushangaa. Alisema waliokaa katika nyumba hiyo wakati wa vita ndio waliolifunika. "Nilidhani mnajua," akasema.

Tulilijaza shimo kwa mawe. Kwa majuma kadhaa niliamka na kutembea nikiambaa ukuta kwa kuogopa sakafu, na watoto niliwaogesha uani. Mume wangu hakutania tena. Yeye ndiye aliyechimba nyuma ya jiko kuhakikisha ardhi ni ngumu, akamwaga saruji nzito, akazungushia mabati, na beseni likakaa huko.

Siku ya kwanza mama alipoingia majini, alinishika kiganja. Nilimwambia chini ni udongo mtupu, hakuna shimo.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. Lakini hakuniachia mpaka maji yalipopoa.