Maji ya Kioo cha Daktari

Kompyuta ya kwanza ya kioo niliyoiona maishani mwangu niliiua mimi, ingawa sikuigusa hata kwa kidole. Siku hizi wajukuu wangu wanaiita tableti na wanalala nayo kitandani. Wakati huo vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, milimani waasi bado walikuwa wanapiga mizinga, na sikuwahi kumwona mtu mwingine Bujumbura akitembea na kitu kama kile.

Nilikuwa karani wa kliniki ndogo huku Buyenzi. Shule yangu iliishia sekondari, lakini nilikuwa na kipaji kimoja: mimi peke yangu ndiye niliyeweza kusoma mwandiko wa daktari. Alikuwa Mkristo wa Kinanira, mpole, mwenye herufi kama nyayo za kuku. Akimwandikia mgonjwa kwenye kaye yake, lile daftari ambalo kila mtu kwetu huenda nalo kwa mganga, mwenye duka la dawa alikuwa anamrudisha kwangu. Mimi navaa miwani, nakohoa kidogo, nasoma. Watu waliniita Karani, lakini kwa sauti ambayo wengine huitwa Dokta.

Halafu daktari akarudi kutoka masomoni Ulaya na kile kioo. Kilikuwa kizito kama tofali, na kalamu yake ya plastiki haikuwa na wino. Daktari aliandika nyayo zake za kuku juu ya kioo, na mashine ikazigeuza herufi safi kama za gazeti. Yaani ilisoma mwandiko wake! Na haikukohoa wala kuvaa miwani.

Alikuwa na sababu yake. Kliniki yake ya kwanza iliteketea na makaratasi yote vita vilipoanza. "Safari hii, Mzee," aliniambia, "nikikimbia nakimbia na wagonjwa wangu wote kwapani." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali. Moyoni nilikuwa nimeshatangaza vita vyangu.

Alhamisi ilikuwa siku ya wagonjwa wa tansiyo, yaani shinikizo la damu. Dawa zilikuwa haba, maana boti za mizigo kutoka Kigoma zilikuwa zinafika zinapotaka, kwa hiyo tulitoa vidonge vya wiki moja moja. Zamani daktari aliandika vipimo kwenye kaye. Sasa aliandika kwenye kioo tu, na wagonjwa wakaanza kunung'unika kwenye benchi.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyenizidi miaka kama kumi, ndiye aliyenung'unika kuliko wote.

"We Karani, huyu muganga ananiandikia nini kwenye kile kioo? Mi narudi nyumbani na kaye yangu nyeupe. Nitamuonyesha mutu gani?"

Hapo ndipo shetani aliponifinya. Sisi Waislamu wa Buyenzi tunajua kombe: shehe anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa yale maji. Nikamwinamia sikioni.

"Kwani hujapewa maji yako?"

"Maji gani?"

"Dada, kile kioo si kinaoshwa? Matajiri wa Rohero wote wanayaomba. Sisi huku tunanyamaza, ndiyo maana hatuponi."

Wallahi nilidhani atamwomba daktari, daktari atacheka au atakasirika, na ile mashine itapata aibu kidogo. Sikufikiri mbali zaidi ya hapo. Wiki hiyo yote nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi iliyofuata alikuja na chupa ya maji na bakuli amelifunga kwenye kitenge. Daktari alimpima, akaandika, akakiweka kioo mezani na kutoka uani kunawa mikono. Mama hakuomba kitu kwa mtu. Alikiinua kioo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakiinamisha juu ya bakuli na kukimiminia chupa nzima, mbele na nyuma. Mimi niliingia na fishi, yaani kadi ya mgonjwa, mkononi nikamkuta amesema bismillahi na yuko kwenye funda la tatu.

Daktari aliingia nyuma yangu. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku hiyo.

"Mama! Nani amekuambia ufanye hivi?"

Mama alinitazama mimi. Mimi nikageukia kabati la fishi na kuanza kutafuta jina ambalo halikuwepo. Nadhani alielewa yote kutokana na mgongo wangu.

"Apana mutu," alisema. "Ni ujinga yangu mwenyewe." Akachukua bakuli lake, akatoka.

Daktari alikianika kioo juani, akakipuliza, akakifunika kwa mchele. Hakikuamka tena. Maandishi ya miezi mitatu yalikwenda na maji. Tukarudi kwenye karatasi, nami nikarudi kwenye enzi yangu, na miwani yangu, na kikohozi changu. Na nyinyi mnaonisoma, nitawaambia lililo baya zaidi: watu kwenye benchi walipoanza kumcheka mama yule, mimi nilicheka nao.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Nilijua vidonge vyake vimekwisha, maana nilimhesabia mimi mwenyewe. Nikasema ana haya, zitamtoka. Alhamisi ya pili hakuja. Nilijua pia tansiyo yake ilikuwa imepanda kiasi gani siku ile ya bakuli, kwa kuwa daktari alikuwa ameniambia niikumbuke. Nikaiweka fishi yake chini ya nyingine. Alhamisi ya tatu, nafasi yake kwenye benchi ilipobaki wazi tena, nilishindwa kusoma mwandiko wa daktari. Nikavua miwani, nikaenda kwake.

Nilimkuta ameketi kizingitini.

"Assalam aleikum, Dada. Daktari ananituma, anakuita."

"Waaleikum salaam. Daktari, ama we?"

Nikaitoa miwani mfukoni, nikaanza kuipangusa.

"Mudogo yangu, we ulikuwa muongo tangu ukiwa na kaptula. Sema tena."

"Ni mimi. Daktari hajui kitu. Nisamehe. Twende ukapimwe."

"Mi sitaenda kuchekwa."

"Watanicheka mimi."

"Basi utawaambia we mwenyewe. Kwa sauti. Mbele ya benchi yote. Leo."

Alisimama kwa kujishika mlangoni. Kitenge kilimponyoka, na mkono wa kushoto ulichelewa kukidaka. Niliuona ule mkono.

Benchi lilikuwa limejaa. Nilisimama mbele yao na kusema: mimi ndiye niliyemdanganya kuhusu maji, kwa wivu wa mashine. Kilipasuka kicheko ambacho nadhani kilifika bandarini.

"Karani amemuonea kioo wivu kama muke mwenza!"

"Mupeni bakuli naye anywe!"

Daktari alitoka kwa ajili ya zile kelele na alisikia ya kutosha. Hakunitazama. Alimshika mama mkono, akampima, akampima tena, akamlaza na kumpa dawa, akakaa naye mpaka mchana. Kisha akaniita. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya kompyuta, hata maneno ya kuomba msamaha nilikuwa nimeyapanga.

"Mzee, ulijua kwa wiki ngapi kwamba haji?"

"Tatu."

Alitikisa kichwa polepole. Kuhusu kompyuta hakuniuliza hata neno moja, siku hiyo wala baadaye.

Mama alirudi kwenye vidonge vyake na tansiyo ikashuka, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito. Hilo sina wa kumsingizia. Nami daktari aliniongezea kazi: kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua, nipite nyumba za wote waliokosa Alhamisi. Nilipita kwa miguu, mvua au jua, hadi nilipostaafu.

Kwake nilipita hata wiki ambazo hakukosa. Nilikuwa nabisha hodi, naye bila kufungua anaita kutoka ndani:

"Niko muzima, we muongo! Nenda kwa mwingine!"