Gamba Jeupe Juu ya Ng'ombe Mwekundu

Mama alikataa kabisa kuamini kwamba mtu anaweza kuliuliza jiwe umri likajibu. Kwa hiyo siku tuliyokwenda kuchukua sampuli katika pango moja juu ya Gilgil, alifunga kibanda chake cha kuuzia dagaa wa omena pale mtaani Rhonda, akajitanda leso, akapanda kilima pamoja nasi. Profesa wangu, mwanamke mwenye subira, akamkaribisha.

Ukutani kulikuwa na ng'ombe mwekundu, pembe ndefu kuliko miguu. Watu wa huko walituambia amechorwa juzi tu na wachungaji.

"Si mpime hiyo rangi?" Mama akauliza.

Nikamweleza kwamba rangi ile ni udongo uliosagwa, na kipimo cha kaboni kinataka kitu kilichowahi kuwa hai, kama makaa. Ila maji yanayochuruzika mwambani yalikuwa yameacha gamba jeupe juu ya mchoro, kama lile la ndani ya birika. Katika gamba hilo mna urani kidogo mno, ambayo hugeuka polepole kuwa thoriamu. Ukipima kiasi kilichogeuka, unajua umri wa gamba.

"Na ng'ombe yuko chini ya gamba," Mama akasema. "Basi ni mkubwa kwake!"

"Hapo sasa!"

Nikashika kisu kidogo cha upasuaji, nikakwangua. Kipande kama punje ya wimbi kikaruka, kikakikosa kichupa nilichokinga chini yake, kikatua kwenye leso ya Mama.

"Mama, usipumue!"

Akakauka, macho yamemtoka, mashavu yamefura. Profesa akamsogelea na kibanio. Mama alivumilia, akavumilia, kisha kicheko kikamponyoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kipande kikapotelea vumbini. Profesa alijaribu kukunja uso, akashindwa. Tukacheka hadi nikakaa chini. Cha pili nilikikinga barabara.

Majibu yalifika baada ya miezi: gamba lilikuwa na maelfu ya miaka. Nilimpigia Mama papo hapo, nikipayuka.

"Ati maelfu? Na hilo ni gamba tu?"

"Gamba tu! Ng'ombe mwenyewe ni mzee zaidi, na hatujui kwa kiasi gani!"

Nikamsikia akipiga vigelegele pale kibandani, na wateja wake, bila kujua ni vya nini, wakamwitikia.