Nyingine, Taja

Nyamizi alikuwa na hadithi moja tu ya kuzaa, na alikwisha kuisimulia mara nyingi mno hata maneno yake yalikuwa yamelainika kama mpini wa jembe. Mvua ilinyesha. Kijito cha njiani kilijaa, pikipiki ikashindwa kuvuka, wakazunguka mbali, wakafika kituo cha afya jua likizama. Ndiyo maana mtoto aliitwa Kabula, jina la Kisukuma la msichana aliyekuja na mvua. Na ndiyo maana, alimalizia kila mara bila kuulizwa, miguu ya Kabula haikumtii mpaka leo, akiwa na miaka tisa. Alikawia mno kutoka. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Nani atayashtaki mawingu?

Kwa hiyo Paskalina alipompigia simu, alimkaribisha nyumbani kwake Ngokolo bila wasiwasi. Kazi ya binti huyo ilikuwa kuwatafuta kina mama waliojifungua zamani katika vituo vya Geita, awaulize wanachokumbuka, kisha majibu yalinganishwe na yaliyoandikwa siku ile. Nyamizi alijifungua jirani na Rwamgasa, enzi zile akiishi machimboni na mumewe Ngassa. Mume alikuwa akishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuchimba, yeye akiosha marudio, ule mchanga ambao wengine walikwisha kuutoa dhahabu yao. Ngassa alikuwa bado huko. Nyamizi alihamia mjini, hapo Ngokolo, ili mtoto awe karibu na mazoezi ya viungo, na mama mkwe wake, Bibi Philomena, akaja kumsaidia.

Asubuhi Paskalina alipofika, Kabula alikuwa shule. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa maharage, akichambua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe umeshazaa?"

"Bado, bibi."

"Sasa unauliza watu mambo usiyoyajua."

"Ndiyo maana nauliza," Paskalina akasema, na bibi akacheka kidogo puani.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Mtoto alikuwa na uzito gani? Kilo mbili na gramu mia nane. Paskalina aliangalia kishikwambi chake, akatabasamu. Alizaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji? Kawaida. Nani alimzalisha? Muuguzi mnene mwenye mwanya, aliyevaa ndala za bluu kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimeanikwa. Nyamizi alijisikia kama mwanafunzi anayepata vema kila swali. Mwili wake haukusahau kitu.

"Mlifika kituoni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni. Tulichelewa kwa ajili ya mvua."

Akaanza kuisimulia, na alipofika kwenye kijito Paskalina aliinua uso.

"Mama Kabula, hapa imeandikwa tarehe kumi na tisa Julai. Ndiyo siku yake ya kuzaliwa?"

"Ndiyo hiyo."

"Julai." Alilisema taratibu, bila ubaya. "Mimi ni mtoto wa mkulima, kwetu Maswa. Julai pamba inalala nje hata wiki mbili, hakuna anayeifunika."

Nyamizi alifungua mdomo ajibu kwamba ilikuwa mvua ya ghafla, mvua isiyo ya msimu. Badala yake aliona miguu yake. Aliiona juu ya kile kitanda cha kujifungulia, myeupe tupu kuanzia magotini kwenda chini, kwa vumbi la mawe yaliyosagwa kwenye karasha, na muuguzi mwenye mwanya akiipangusa kwa kitambaa kibichi huku akigomba: "Hawa watu wa machimbo mnakuja na mlima wote." Pikipiki ilitimua vumbi njia nzima. Kijito kile walikivuka pakavu.

Mvua ilitoka wapi? Ilitoka kwenye jina. Kila alipohamia, watu walisikia Kabula wakasema, alizaliwa mvua ikinyesha, eeh? Alianza kwa kuitikia. Mwaka mwingine akaongeza mawingu. Lini aliongeza kijito, hakuweza kusema. Wala hakuweza kusema siku aliyoacha kujua kwamba anaongeza.

"Si kitu," Paskalina alisema, maana aliuona uso wake. "Wengi wanachanganya. Nitakusomea sababu, utachagua. Kukosa usafiri. Barabara mbovu. Kukosa nauli. Kutojua dalili. Nyingine, taja."

Taja.

Neno hilo Nyamizi alilijua. Alikwisha kuambiwa hilo hilo siku ile. Uchungu ulianza alfajiri, mchana ukafika, mtoto hakutoka. Pantaleo wa pikipiki alikuwa nje tangu saa sita, akiwasha injini na kuizima. Bibi Philomena, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kwa ajili ya uzazi, aliwatoa wanawake wengine, akafunga mlango, akachuchumaa miguuni pake. Mke aliyetoka nje ya ndoa, mtoto humkwamia mpaka amtaje mwanamume. Hivyo ndivyo bibi alivyofundishwa, na yeye mwenyewe alishafanyiwa. Taja. Sijatoka na mtu, mama. Taja, mtoto anakufa. Kivuli kilisogea ukutani mpaka kikafika darini.

"Andika mvua," Bibi Philomena alisema kutoka mlangoni. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya maharage.

"Usiandike mvua," Nyamizi alisema. "Andika tulichelewa nyumbani. Nilifungiwa nitaje jina la mwanamume."

Paskalina hakuandika chochote. Aliwatazama wote wawili.

"Na ulitaja," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Sema yote basi. Ulimtaja Magesa. Hukulazimishwa jina, ulilitoa mwenyewe. Nikalimeza miaka tisa, mwanangu Ngassa hajalisikia. Nikampa mtoto jina la marehemu dada yangu, ili asitokee mtu wa kumkataa. Leo unanianika kwa mgeni?"

"Mama, hakuna Magesa."

"Usinifanye mtoto."

"Hakuna. Ni jina lililonijia mdomoni ili ufungue mlango. Ungeniacha dakika moja zaidi ningemtaja hata padri."

Bibi alitazama ungo. Miaka tisa alikuwa amemwogesha Kabula, amembeba mgongoni, amemkanda miguu kwa mafuta ya mawese, na Nyamizi alikwisha kumfuma mara nyingi akiyachunguza masikio ya mtoto aliyelala. Alidhani ni upendo. Labda ulikuwa upendo, lakini uliokuwa ukitafuta sura ya mtu.

"Hakuwepo," bibi alisema. Halikuwa swali.

"Hakuwepo."

Paskalina alikohoa. Aliuliza kama waishie hapo, arudi siku nyingine. Nyamizi akamwambia amalize.

"Limebaki moja," alisema binti, na sasa alisoma kwa woga. "Mtoto alilia mara tu alipozaliwa?"

Hili Nyamizi alikuwa na jibu lake, tamu kuliko yote: alilia mpaka muuguzi akacheka. Alikitafuta kicheko hicho. Alizipata ndala za bluu, akakipata kitambaa kibichi, na baada yake hapakuwa na sauti yoyote aliyoweza kuiapia.

"Sijui," alisema. "Muulize bibi. Alikuwa amesimama kwenye pazia."

Bibi Philomena aliuweka ungo chini. Alichukua muda mrefu kuunyoosha upindo wa kitenge chake juu ya magoti.

"Hakulia," alisema. "Walimpigapiga nyayo, wakampulizia. Nilisali Baba Yetu mara nne nzima, na ya tano nikaisahau katikati. Ndipo akatoa sauti, ndogo hivi, kama ya paka."

Kisha akamgeukia Paskalina. "Andika hilo. Na uandike kwamba mlango niliufunga mimi."