Kilomita Zilizobaki

Gari langu lilitengenezwa Japani na mpaka leo linaongea lugha ya kwao. Kwenye dashibodi yake, mimi mwalimu wa hesabu sielewi kitu isipokuwa tarakimu. Miezi mitatu ya mwanzo niliamini kwamba ile namba ya chini kulia ni joto la injini, na kila iliposhuka nilifurahi kuona injini inapoa. Fundi mmoja wa Chalinze alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kisha akanieleza: hizo ni kilomita ulizobakiza kabla mafuta hayajaisha.

Tangu siku hiyo nikawa muumini. Kutoka nyumbani kwangu Ubena hadi shuleni na kurudi, namba ilipungua sawasawa na barabara, na niliwaringia sana walimu wenzangu. Nyie kaeni na mishale yenu ya kubahatisha, niliwaambia, mwenzenu gari langu linapiga hesabu.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami wiki mbili. Siku ya tano tulikuwa shambani, mahali ambapo mtandao hukamata kwa kubembelezwa, na simu ya Bagamoyo ilitupata saa saba mchana. Dada yake, mkubwa wake wa pekee, alikuwa amefariki alfajiri. Jeneza lingetoka nyumbani mara tu baada ya swala ya alasiri. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Mwanamke anayetaka kumuaga maiti wake humuaga nyumbani, na jeneza likishatoka, basi tena. Mama hakulia. Alichukua mtandio, akaingia garini na jembe lake akaliacha palepale kwenye tuta.

"Nataka nimwone uso," alisema. "Sina jingine."

Namba ilisoma mia na arobaini na tano, na safari yetu ilikuwa kama mia na thelathini. Chalinze malori yalijipanga kwenye sheli hadi barabarani. Nikaitazama namba, nikapita. Msata nikakunja kulia kuelekea Bagamoyo, nayo sheli ya pale nikaipita, maana nilikuwa na themanini na mbili na mbele yangu ilibaki sitini na kitu. Nilijiona nina akili.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila niliwasahau ndugu. Fukayosi walikuwa wamesimama kando ya lami wakingoja chochote kitakachopita: shangazi zangu watatu, wote wenye afya njema, pamoja na gunia la mchele, masufuria mawili ya shughuli na mkungu wa ndizi. Gari linalokwenda msibani halimwachi mtu njiani. Ukimwacha, utasemwa mpaka siku yako mwenyewe. Basi tukajazana, buti likafungwa kwa kamba, gari likainama nyuma, na kwa ajili ya joto nikafungulia kiyoyozi mpaka mwisho.

Tulipotoka Fukayosi namba ilikuwa arobaini na saba, na mji ulikuwa mbele kilomita thelathini na tano. Baada ya kilomita kumi tu ikawa ishirini na nane. Kidogo tena, ishirini na moja. Jasho likanitoka pamoja na kiyoyozi chote kile. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu zamani: ile namba haijui chochote kuhusu njia iliyo mbele. Inatazama ulivyotembea hivi karibuni, halafu inajipigia hesabu kana kwamba utaendelea hivyohivyo. Kule Ubena ilikuwa inamhesabu mwalimu mmoja mwembamba anayekwenda shule peke yake.

Nilimweleza mama ukweli, na kwamba mbele hakuna sheli mpaka mjini. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nikazima kiyoyozi, tukashusha vioo, nikapunguza mwendo, nikawa nakanyaga taratibu mno. Namba ikasimama kwenye ishirini na moja. Tukapita shamba, tukapita kijiji, bado ishirini na moja. Kisha ikawa ishirini na mbili. Mama hakusoma sana, lakini tarakimu anazijua.

"Imepanda?" aliuliza.

"Imepanda, mama."

"Nani ameongeza mafuta?"

"Hakuna aliyeongeza."

Ishirini na nne. "Subhanallah," wakasema shangazi zangu kwa pamoja.

Ningeweza kuwaeleza, sababu naijua na ningeiandika ubaoni kwa mistari miwili. Lakini nywele zilinisimama mikononi. Tulikuwa tumetembea kilomita tano, tukachoma mafuta yale yale machache tuliyokuwa nayo, na bado njia tuliyoruhusiwa kwenda ilikuwa imerefuka. Niliogopa hata kupumua kwa nguvu.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tunakwenda kama baiskeli. Tulipofika Makurunge binamu yangu akapiga simu: alasiri imeadhiniwa, wanasali, wakitoka tu wanambeba. Mama alisikia kila neno.

"Tukienda hivi tutafika?"

"Tutafika. Ila tutachelewa."

"Na ukikimbiza?"

"Yanaweza kutuishia njiani, mama."

Mama akavua mtandio begani, akautandaza juu ya dashibodi, ukaifunika ile namba yote.

"Kimbiza," alisema.

Nikakanyaga. Masufuria yalipiga kelele nyuma, shangazi wakaanza kumtaja Mungu, nami nikasikiliza injini jinsi mtu anavyosikiliza pumzi ya mgonjwa. Kwenye kona moja mtandio ukateleza, nikaona taa ya njano na sufuri. Sufuri kabisa, na gari linakwenda. Baadaye fundi aliniambia watengenezaji huficha akiba kidogo chini ya sufuri, wala hawasemi ni kiasi gani. Siku ile sikulijua hilo. Nilitembea kilomita nne, tano, sita, juu ya kitu ambacho kwa hesabu hakikuwepo, na maishani mwangu sijawahi kuhisi udogo wangu kama nilivyouhisi kwenye lami ile.

Tuliwakuta barabarani. Jeneza lilikuwa limekwishatoka, liko mabegani mwa wanaume, wanapokezana na kuleta tahalili. Nilisimamisha gari mbele yao. Mama akashuka kabla sijasema kitu, akatembea peke yake kuelekea kwenye kundi lile la wanaume tupu. Mmoja akaanza kumzuia, "Mama, huku siyo..." Sheikh akamshika mkono yule mtu. Akauliza huyu ni nani wa marehemu, akajibiwa. Kisha akaamuru waliteremshe jeneza.

Likawekwa juu ya lami. Kifuniko kikaondolewa, sanda ikafunguliwa usoni, na wanaume wote wakageukia pembeni. Mama akapiga magoti, akajifunga vizuri kanga yake, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, dada," alisema.

Akangoja. Nilimwona anangoja, na hakuna mtu aliyethubutu kumharakisha. Kisha akaurudisha mwenyewe ule upande wa sanda, akasimama, akawaambia wampeleke.