Kipimo cha Mzee Gervas

Hutaki kuamini, acha. Benchi lenyewe lipo Titye, nenda ukalikague. Fundi seremala aliyelitengeneza ni mimi, mwaka 2013.

Lilikuwa la kumkumbuka Mzee Gervas, msanifu majengo aliyetuchorea shule ya matofali ya udongo yasiyochomwa, ili tusimalize miti. Mke wangu alipohamia Manyovu na kunisahau, mzee huyo ndiye pekee aliyekuja karakana kunywa chai na kunisema kila nilipotupa vipande vya mbao. Alipofariki, jeneza nilimtengenezea mimi.

Kwetu mafundi, fimbo iliyompima maiti huingia naye kaburini. Yake sikuiweka. Watu niliwaambia nimesahau, lakini wewe nakueleza ukweli: niliona uchungu kuitoa.

Kamati ya shule ilipotaka benchi, nikakataa kukata mti. Nilichukua mbao za milango kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila iliyofungwa, nikaziunga kwa vigingi bila msumari. Sehemu ya kuegemea ikapungukiwa ubao mmoja, nikapachika ile fimbo. Si mwenyewe alisema hakuna cha kutupa?

Kesho yake asubuhi nilikwenda kulipaka mafuta. Ukungu ulikuwa mzito. Mzee Gervas alikuwa amekaa, na koti lile tulilomzika nalo. Akanisalimu kwa Kiha, “Mwakeye.”

Wewe ungekimbia? Mimi nilikaa. Wiki nzima nilikwenda kila asubuhi, tukaongea habari za paa na mvua, na niamini, sikuwa nimefurahi hivyo tangu mke aondoke. Ila kila siku yeye alizidi kuinama, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

Siku ya saba akasema, “Mwanangu, nimechoka kukaa. Nipe kipimo changu nikalale.”

Nilimwomba siku moja tu zaidi. Akalia, mtu mzima yule. Aibu ikanishika. Nikaing'oa fimbo, nikaenda kuifukia kaburini kwake. Niliporudi ukungu ulikuwa umeondoka na benchi ni tupu.

Pengo sijaliziba hadi leo. Walimu wakiniuliza, nasema nitaleta ubao. Asubuhi za ukungu bado nakwenda kukaa pale, na hakuna anayekuja.

Kwa hiyo kipimo cha maiti kizike siku ileile, usione uchungu. Na mtu wako akishakufa, hata kama umebaki peke yako duniani, usimkalishe.