Nyayo za Mama Uwanjani

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mama alituhamisha kutoka chumba chetu cha kupanga Kisarawe akatupeleka Magindu kwa bibi, mimi na mdogo wangu Mwajuma wa miaka sita. Alikuwa anakwenda Omani kufanya kazi za ndani. Miaka miwili tu, alisema, kisha angekuja kutuchukua.

Kila kitu kule kilitushinda. Maji ya lambo tuliyaonea kinyaa, ng'ombe wa jirani tuliwakimbia, na watoto wenzetu walituita watu wa mjini, utadhani Kisarawe ni Ulaya.

Asubuhi mama alipoondoka kwa bodaboda kwenda kupanda basi Mlandizi, nilimwambia Mwajuma afagie uwanja, ili bibi asione tumeletwa kula tu. Mimi nikaenda kuwasha moto. Bibi alipotoka ndani, mchanga ulikuwa safi mpaka njiani, na nyayo za mama hazipo.

"Nani kakutuma?" alimuuliza, akimnyang'anya ufagio. "Mtu akisafiri hatufagii siku hiyo. Unamfuta mama yako asirudi?"

Mwajuma alinitazama. Mimi nikainama kupuliza moto.

Mwaka wa kwanza mama alikuwa akipiga simu. Baadaye namba yake ikawa haipatikani. Miaka miwili ikapita, na mingine mingi. Bibi hakulitaja tena jambo lile, lakini Mwajuma alishajihukumu. Pikipiki ikipunguza mwendo njiani, aliacha chakula akakimbia kuchungulia. Siku moja aliniuliza, "Dada, hivi tukiacha kabisa kufagia, atarudi?" Nikamwambia asiniletee mambo ya kitoto. Roho iliniuma, ila niliogopa bibi asije akajua.

Tukiwa watu wazima ndipo tulipopata habari kwamba mama aliolewa hukohuko na ana watoto wengine. Nilikwenda kwa Mwajuma, anakoishi sasa na mumewe, nikiamini nampelekea nafuu. Nikamwambia ufagio haukumzuia mama, aliamua mwenyewe.

"Hilo nalijua siku nyingi, dada," alisema, akiendelea kuchambua mchele. "Lakini bibi aliuliza nani kanituma."

Miaka yote ile nilidhani Mwajuma anamngoja mama. Kumbe aliyekuwa akingojwa ni mimi.